Taa Zikififia, Baba Anapumua

Julai 4
Nesi Odette ameniletea daftari hili niandike saa ambazo mashine ya Baba imefanya kazi kila siku. Nikamwambia siwezi kuandika tarakimu tupu, nina mdomo. Akasema andika unachotaka, mradi tarakimu ziwemo. Haya. Leo: saa ishirini na tatu na ushei. Umeme ulikatika mara moja, dakika sita. Mvua tangu alfajiri.

Daftari likiangukia mikononi mwa mtu mwingine, ajue hivi. Mashine inachuja hewa hii hii tunayovuta sote na kumpa Baba oksijeni kwa mrija wa puani. Mapafu yake aliyaacha kwenye machimbo ya dhahabu ya Benguet, miaka ishirini na miwili ya kula vumbi la mawe. Mashine inakula umeme. Umeme wa kijiji chetu, Payakan, unatoka kwenye mtambo wa maji ulio hatua thelathini chini ya mlango wetu, na mwendeshaji wa mtambo ni mimi, Apolonia. Hapo katikati hakuna mtu mwingine.

Mtambo wenyewe ni mdogo. Nyumba thelathini na moja, balbu mbili kila nyumba, zile za zamani zenye uzi ndani, maana ndizo Crisanto anazouza dukani. Kidhibiti cha umeme kiliungua mwaka juzi, kwa hiyo nasawazisha umeme kwa mkono, nikifungua na kufunga valvu ya maji. Mashine ya Baba ikiwaka, balbu za kijiji kizima zinafifia. Watoto wana msemo wao: "Taa zimefifia, Mzee Langbis anapumua." Zamani nilikuwa nawafukuza kwa fagio. Siku hizi nausema na mimi.

Julai 5
Majani kwenye chujio la banio, kule juu kijito kinapozuiwa ili maji yaingie bomba la mtambo. Nimeyatoa. Saa ishirini na nne.

Julai 6
Majani. Nimeyatoa. Saa ishirini na nne.

Julai 12
Nilikwenda kwa Crisanto kununua grisi. Ana jenereta ya dizeli nyuma ya duka, kwa ajili ya friza lake la nyama na mashine ya kuimbia.

"Pola, maji yako yamechoka?" akaniuliza mbele ya wateja. "Jana taa zako zilikuwa kama macho ya paka mgonjwa."

"Jenereta yako inakunywa dizeli. Barabara ikikatika utaimba kwa kitu gani?"

"Kwa mdomo. Nina sauti."

"Tumeisikia. Ndiyo maana mvua haiishi."

Alicheka kuliko wote. Tumesoma darasa moja na simpendi tangu darasa la tatu. Ana jicho la kuuza. Akikutazama, unajiona umeshawekwa bei.

Nilipomsimulia Baba, alitoa mrija puani ili aongee vizuri, jambo ambalo Nesi amemkataza. "Usimdharau," akasema. "Umeme wote ni kuzungusha. Wewe unazungushiwa na maji. Yeye anazungusha kwa moto wa dizeli. Kule pwani wanachemsha maji kwa makaa ya mawe, mvuke unazungusha. Ilocos upepo unazungusha mapanga. Jua peke yake ndilo halizungushi kitu, linafanya kazi limekaa, kama wazee wetu." Akapumzika. "Lakini kila umeme nyuma yake kuna mtu aliyeamka mapema."

Nikamrudishia mrija. Alitaka kuongeza neno, nikamwambia atamalizia kesho.

Julai 20
Leo ni obaya ya siku moja. Wazee wameitangaza baada ya mavuno, kama kila mwaka: hakuna kugusa jembe, hakuna kutoka kijijini wala kuingia. Matete yamefungwa fundo kwenye njia zote mbili, na ukiyaona unageuka.

Obaya ndiyo siku ninayoiogopa kuliko zote. Watu wote wako nyumbani, na aliye nyumbani huwasha kitu. Mama Serapia alichomeka jiko la wali la umeme alilotumiwa na mwanawe kutoka Hong Kong, na balbu za upande wa mashariki zikazimika kabisa. Nimepita mlango kwa mlango nikiomba. Na siku hiyo hiyo umeme unapohitajika zaidi, hakuna ruhusa ya kupanda kwenye banio, kwa sababu banio liko mwendo wa saa nzima juu ya kijito, nje ya matete.

Nimepanda. Nilipita kwenye mashamba ya maharage kama mwizi, nikatoa majani nusu gunia, nikarudi. Nimefanya hivyo miaka minne na hakuna aliyekufa.

Julai 28
Ukuta wa tuta la mpunga la Mjomba Sawadan umeporomoka. Mawe yaliyopangwa na babu wa babu yake yamekwenda mtoni kwa usiku mmoja. Na kuna mtu aliyeniona siku ya obaya nikishuka na matope magotini.

Waliniita dap-ay, pale wazee wanapokaa kwenye mawe yao kuzunguka moto. Mjomba Sawadan ni kaka wa marehemu mama yangu na ndiye mkubwa wao. Hakupandisha sauti.

"Ulipanda?"

"Nilipanda. Majani hayajui obaya."

"Na ukuta wangu unajua."

"Ukuta wako umeanguka kwa mvua, Mjomba. Una miaka mia mbili."

"Umesimama miaka mia mbili," akasema, "ukasubiri wewe upande." Wazee wakatikisa vichwa. Faini kuku mmoja, na siku tano za kubeba mawe kwenye ukuta wake.

Nilirudi nimevimba kwa hasira. Nilidhani Baba atanitetea. Kumbe alikuwa ameshasikia.

"Utaapa mbele ya watu," akaniambia, kila neno na pumzi yake. "Hupandi tena siku ya obaya."

"Na mashine ikizima?"

"Itazima. Sitaki kila tuta likianguka watu waseme limeanguka kwa sababu Langbis alitaka kupumua. Mimi naondoka, wewe utabaki hapa na majirani."

Nimeapa. Nimeapa nikimtazama Mjomba machoni, na nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nayaandika haya nisije nikasahau.

Agosti 3
Mawe. Mgongo. Saa ishirini na nne.

Agosti 9
Majani kwenye chujio, na panya mfu. Saa ishirini na mbili.

Agosti 17
Shuleni wameletewa paneli nane za sola na betri moja. Mwalimu anazifuta kwa kitambaa kila asubuhi. Jua hatujaliona siku kumi na moja. Nimeuliza betri ikijaa inaweza kuendesha mashine ya Baba saa ngapi. Tano, akasema. Na wakati huu wa mawingu? Akakunja uso: mbili, tatu labda.

Nguzo za gridi nazo zimefika ng'ambo ya mto mkubwa, zimelala kwenye matope. Wanasema kabla ya Krismasi. Walisema hivyo pia miaka miwili iliyopita.

Agosti 30
Baba hawezi tena kwenda mlangoni bila mrija. Mwezi uliopita alikuwa anaweza.

Septemba 8
Saa ishirini na nne. Majani.

Septemba 20
Redio inasema kimbunga kinakuja kutoka upande wa Cagayan. Nimepanda kwenye banio, nimefunga chujio kwa minyororo miwili. Nesi Odette ameleta mtungi mdogo wa oksijeni. "Huu ni wa dharura, dada. Saa mbili na nusu ukiubana vizuri." Nikauweka chini ya kitanda ili Baba asiuone. Ameuona.

Septemba 22
Upepo mchana kutwa. Barabara imekatika sehemu tatu. Saa kumi jioni radi ilipiga msonobari mkubwa wa patakatifu pa wahenga, ukapasuka kutoka juu hadi chini. Nilikuwa kwenye mtambo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwogopa Mjomba kuliko radi, kwa sababu nilijua kinachofuata.

Kabla ya giza sauti yake ilisikika kijiji kizima. Obaya siku tatu.

Septemba 24
Naandika haya usiku. Nitajaribu kuyapanga.

Jana, siku ya kwanza, mtambo ulizunguka kwa shida. Kila saa mlio wa mkanda wake ulishuka kidogo. Niliketi nao nikiusikiliza. Nilijua kilichoko juu: kijito kimeleta magogo na misonobari mizima, na vyote vimelala kwenye chujio langu. Leo saa moja asubuhi mkanda ulisimama. Mashine ya Baba ikalia ule mlio wake wa kuomba msaada, kisha ikanyamaza.

Baba akanitazama miguuni. Alitaka kuona kama navaa viatu.

"Sijaenda popote," nikamwambia.

Tukambeba kwa kiti, pamoja na mashine yake, mpaka shuleni, mimi na mwalimu, hadi kwenye betri. Mwalimu alisema betri itatupa saa tatu. Nikaanza kupiga hesabu kichwani: saa tatu za jua, saa mbili na nusu za mtungi. Na obaya bado mpaka kesho jioni.

Saa nne betri ilipokuwa inakata roho, nilisikia watu wakigombana na kitu kizito njiani. Alikuwa Crisanto na shemeji yake, wamebeba jenereta kwenye mti kama nguruwe wa sherehe. Crisanto alikuwa amelowa mpaka kwenye kope.

"Leo ni obaya," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Kwani nafanya kazi? Nimekuja kumwona mgonjwa. Kumwona mgonjwa kunaruhusiwa." Akaiweka chini. "Na mgonjwa hatembelewi mikono mitupu."

"Dizeli unayo kiasi gani?"

"Lita tano. Ndiyo yote. Barabara yenyewe unaijua."

"Na friza lako?"

Alivuta kamba, jenereta ikanguruma. "Kesho njooni wote mle nyama, maana itanuka." Hakunitazama aliposema hivyo. Nimekuwa nikimchukia mtu huyu kwa miaka thelathini na mbili, na nadhani nilikosea angalau kumi kati ya hiyo.

Tukamrudisha Baba nyumbani na jenereta ikaja nyuma. Lita tano ni saa tano, labda. Saa sita mchana akaja Mjomba Sawadan. Alivua kofia mlangoni, akakaa kwenye benchi, akamtazama Baba. Mimi nilikuwa nimesimama na maneno yote ya mwezi Julai kinywani. Niliamua nitamwambia, na liwalo na liwe.

"Mjomba. Ikipita saa kumi na moja na nusu hana pumzi. Nimeapa, na sitapanda. Lakini ujue kwamba nitakaa hapa nimwangalie, na wewe utakaa na mimi."

Akamgeukia Baba. "Langbis. Shemeji. Ukifa leo, kuni za matanga yako zitatoka wapi?"

Nilitaka kumrushia kitu. Lakini Baba alikuwa anamtazama kwa namna nyingine, na taratibu uso wake ukaanza kukunjuka.

"Kutoka kijitoni," Baba akasema. "Kuna magogo mengi. Nasikia."

"Obaya haizuii kuni za marehemu," Mjomba akasema. "Haijawahi kuzuia. Mtu akifa, njia inafunguka, watu wanakwenda kuchukua kuni, hakuna anayeuliza."

"Lakini hajafa," nikasema.

"Nani kasema lazima awe amemaliza?"

Baba akacheka, kikohozi kikamshika, na tulipomtuliza alikuwa bado anacheka. Nikauliza kama wahenga hawatakasirika. Mjomba akavaa kofia yake. "Wakidharauliwa watakasirika. Wakitaniwa, hao ni ndugu zetu, wamezoea." Kisha akamwinamia Baba na sauti yake ikabadilika. "Ila matanga hayafanywi mara mbili, shemeji. Tukikulilia leo, siku yenyewe ikifika hatutakulilia. Utaondoka kimya."

"Basi lieni vizuri," Baba akasema. "Nataka kusikia."

Wakaleta kiti cha maiti, kile cha mbao kinachokaa darini kwa kila ukoo. Baba akakalishwa mlangoni kama wanavyokalishwa wafu wetu, akafungwa kitambaa kichwani, akafunikwa blanketi la mazishi la mistari myeupe na myeusi alilofumiwa na mama miaka hiyo. Mrija puani. Jenereta ikinguruma kando. Mjomba akatoka uwanjani akatangaza kifo cha Langbis Dumay-as kwa sauti ile ile aliyotangazia obaya, na watu wakatoka majumbani. Waliona mrija. Hakuna aliyeuliza.

Mimi ni mfiwa, na mfiwa haondoki kwa maiti. Miaka minne hakuna mkono mwingine uliogusa chujio langu, na leo niliwaona watu arobaini wakipanda na mashoka na kamba, wakiongozwa na Mjomba, mzee wa miaka sabini na tatu, bila mimi. Niliwapigia kelele mpaka walipopinda kona. "Baba anapenda kuni za kwenye chujio. Zile za katikati. Mnyororo wa kushoto muufungue mwisho, si kwanza. Mkiufungua kwanza, zitawashukia!"

"Tumesikia, mfiwa," mtu akajibu.

Wanawake wakabaki kuimba. Mama Serapia aliongoza, akaimba alivyokuwa Baba kijana, alivyokwenda machimboni na kiatu kimoja, alivyorudi na wazo la kufunga maji yawashe taa, alivyobeba bomba la kwanza begani kutoka barabarani. Baba alisikiliza amefumba macho. Kuna mahali alifungua jicho moja akasema, "Viatu vilikuwa viwili." Mama Serapia akarekebisha ubeti.

Jenereta ilikohoa saa tisa kasoro ikazima. Nikafungua mtungi. Nilikaa chini karibu na goti lake nikiangalia mshale wa mtungi, na sikuangalia kitu kingine. Saa kumi mshale ulikuwa nusu. Saa kumi na nusu midomo ya Baba ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau. Hakuwa akisema kitu tena. Wanawake hawakuwa wanatania tena, na sauti ya Mama Serapia ilikuwa inakatika kweli. Nikaomba. Sijui niliomba kwa nani, kwa Mungu wa kanisani au kwa wale ndugu waliozoea kutaniwa. Niliomba kwa wote.

Saa kumi na moja na dakika ishirini, mshale ukiwa umegusa mstari mwekundu, balbu iliyo juu ya mlango ikawa nyekundu kama kaa la moto. Halafu ya manjano. Nilishuka kwenye mtambo sijui kwa hatua ngapi, si thelathini. Nikafungua valvu mpaka mwisho. Nilipopanda, mashine ilikuwa inavuma, na taa za kijiji kizima zilikuwa zimefifia.

Mjomba alirudi mwisho wa wote, amebeba gogo moja begani. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimechanwa na mnyororo. Akaliweka gogo miguuni pa Baba.

"Kuni," akasema. Kisha akaketi chini pale pale kwenye matope.

Septemba 25
Saa ishirini na nne. Tumekula nyama ya Crisanto, wote.

Oktoba 2
Kijiji kizima kinamwita Marehemu. "Marehemu ameamkaje?" "Marehemu anataka supu." Yeye mwenyewe anapenda. Jana Crisanto alimletea ndizi akamwambia, "Mzee, wewe ndiye marehemu wa kwanza ninayemdai tabasamu." Baba akampa.

Oktoba 13
Majani kwenye chujio. Nilipofika nilikuta yameshatolewa. Nyayo za mzee, na alama za kijiti cha kutembelea. Ni Mjomba.

Oktoba 29
Nguzo zimevuka mto. Wanachimba mashimo upande wetu. Nilimweleza Baba kwamba umeme wa gridi hautegemei chujio, mashine haitazima tena.

"Unatoka wapi?"

"Mabwawa makubwa. Na makaa ya mawe, pwani."

Alifikiri. "Kuna mtu anayachimba hayo makaa."

"Ndiyo, Baba."

"Basi mimi nitabaki na maji. Vumbi nimekula langu, la mwenzangu sitaki."

Nilikasirika. Nikamwambia huo ni ubishi tu, pumzi ni pumzi. Akanishika mkono na hakubishana, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Novemba 7
Mvua zinapungua. Maji ya kijito safi. Saa ishirini na nne.

Novemba 11
Saa ishirini na nne. Amekula vijiko vitatu.

Novemba 14
Jioni, wakati wa chakula. Nilikuwa nimemwekea mto mgongoni, na moshi wa majiko ulikuwa umelala juu ya paa zote. Aliniuliza kama chujio ni safi. Nikasema ni safi. Akasema, "Vizuri," akapumua mara mbili, ya tatu haikuja.

Nilingoja. Mashine iliendelea kuvuma na kumpelekea hewa isiyochukuliwa na mtu. Nikakaa nayo muda, sikupima. Kisha nikaizima kwa kidole changu.

Balbu iliyo juu ya mlango ikang'aa. Nikatoka nje. Kuanzia kwa Mama Serapia mpaka dukani kwa Crisanto, dirisha moja baada ya jingine, nyumba thelathini na moja zilikuwa nyeupe kama sijawahi kuziona. Kelele za vijiko zikakoma. Sikupiga ukelele, kwa sababu yeye alishaliliwa, na matanga hayafanywi mara mbili. Sikuwa na haja. Milango ilifunguka yenyewe. Watu walisimama vizingitini mwao kwenye mwanga ule, wakitazama juu kwetu, na hakuna aliyetoa sauti.

Nilishuka kwenye mtambo, maana umeme ukizidi balbu zinaungua, na hiyo ndiyo kazi yangu. Nikashika valvu. Mkono ukakataa. Niliisikia balbu moja ikipasuka mahali fulani, kisha nyingine, na bado mkono ulikataa.

Mjomba Sawadan aliingia bila kubisha. Akaweka kiganja chake chenye kovu juu ya wangu.

"Punguza, binti yangu," akasema. "Tumeshaona."

Tukapunguza.